Neno Kwenye Mlango wa Okumu

Jumatatu, 3 Machi

Mvua asubuhi, jua kali mchana. Siku mbaya ya kupaka nta. Gari la mwenye duka la vipuri limerudi kutoka Tororo na vumbi la saruji juu yake, limekwisha kuganda kama ganda la yai. Siki kwanza, maji mengi, kisha polishi. Bega linauma.

Nilikuwa nasuuza magurudumu shemeji Athieno alipoingia uani na gari la marehemu kaka yangu Okumu. Aliliegesha ubavu mmoja ukiwa karibu kabisa na ukuta. Nikashangaa, maana nafasi ilikuwepo tele. Akashuka, akasubiri wateja waondoke, ndipo akalirudisha nyuma nione.

Mlango wa abiria. Herufi kubwa, zimechorwa kwa kitu chenye ncha. ULIMUUA.

Gari jeusi, na rangi nyeusi haifichi hata mkwaruzo wa ukucha.

"Shemeji," akasema, "hii kitu itoke kabla ya matanga."

Matanga ni Jumamosi ya wiki ijayo, kule nyumbani Buhehe. Ukoo utakaa. Asipokwenda, watasema amekiri. Akienda na mlango huu, amebeba hukumu yake mwenyewe.

Nimemwambia aliache gari. Amerudi nyumbani kwa boda.

Jumanne, 4 Machi

Nimeliosha kwa sabuni laini, nikalikausha, nikapitisha ukucha juu ya kila herufi. Ndivyo tunavyopima. Ukucha ukiteleza, mkwaruzo uko kwenye klia, ile vanishi ya juu, na polishi itauondoa. Ukucha ukinasa, mkwaruzo umefika kwenye rangi, na hapo polishi haina la kufanya.

Mwanzo wa neno ni mwepesi. Kadiri linavyosonga mbele ndivyo mkono ulivyozidi kukandamiza. Kwenye ile A ya mwisho ukucha unazama.

Kupaka rangi upya ndilo jibu. Lakini fundi wa rangi anayeaminika yuko ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, amejaa kazi mpaka baada ya Pasaka, na wa hapa jirani hupaka nyeusi ikatoka kama lami. Kwa hiyo ni mimi na makopo yangu.

Nina boneti moja nyeusi ya gari lililogongwa. Nimeilaza juu ya matairi, nikaichora kwa msumari, mistari mepesi na mizito, nikaigawa kwa utepe. Kila dawa na kipande chake.

Dawa ya meno, ambayo kila mtu mjini anaisifu. Inakwaruza hapa, inaacha pale. Takataka. Kompaundi kali ya kopo: inakata kweli, mkwaruzo mwepesi unakwisha haraka, lakini inaacha ukungu na mizunguko kama utando wa buibui. Ile ya wastani inakata polepole, haina ukungu mwingi. Polishi ya maji inang'arisha tu. Na kile kisafishaji cha chupa nyeupe, kilaini kama losheni, kimefanya maajabu. Mistari yote imetoweka mara moja. Nikaona bahati. Nikaosha kwa sabuni. Mistari yote imerudi. Hakikati kitu. Kinajaza mafuta tu.

Vidole vinadanganya. Nimesugua kila dawa kati ya kidole na gumba. Ile ya wastani ni laini kama unga wa mhogo, na bado inakula klia kuliko nilivyodhani. Kali ni kama mchanga wa mtoni. Na ukiiweka kali kwenye sponji badala ya pedi ya sufi, inapoa, inakuwa mtu mwingine.

Nimeandika haya yote kwa sababu sitaki kuandika lile jingine. Kaka yangu amekufa. Mke wake anaitwa muuaji. Basi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeanza. Dawa ya wastani, sponji, mashine mwendo wa chini. U ya kwanza imekwisha. L pia. Nilihisi furaha ya kijinga, kama mtu aliyepona jino.

Mchana akaja kaka Wandera. Yeye ndiye mkubwa wetu. Okumu alikuwa wa kati, mimi wa mwisho. Hakushuka kwenye pikipiki. Alilitazama gari muda mrefu.

"Unafuta nini?"

"Mkwaruzo."

"Mimi najua kusoma, Egesa."

Akasema nisiliguse zaidi. Kwamba ukoo utaamua siku ya matanga. Kwamba nyumba ya mjini ilijengwa na mtoto wa Buhehe, si mtu wa Kisoko. Kisoko ndiko kwao Athieno, kule Tororo. Miaka yote hii amezaa kwetu, amezika kwetu, na bado anatajwa kwa kijiji alichotoka.

Nilimwuliza, "Wewe ndiye uliyeandika?" Akacheka, akapiga kiki, akaondoka.

Sasa nina hakika ni yeye. Nina hasira.

Ijumaa, 7 Machi

I imekwisha.

Nimemfikiria Okumu siku nzima. Alivyovimba tumbo akasema ni gesi. Alivyokuwa njano machoni akavaa miwani ya jua. Ini. Alilificha mpaka halikufichika tena. Mama alitaka aletwe nyumbani, aombewe, anyweshwe mizizi. Asikatwe kisu na madaktari. Mama alipiga magoti mbele ya Athieno, nililiona hilo kwa macho yangu: asikatwe. Athieno akamweka kwenye gari hili hili, kiti hicho cha abiria, akampeleka hospitali, akatia sahihi akatwe. Daktari alisema wazi wamechelewa, watajaribu tu. Walijaribu.

Kwa hiyo neno hili lina pa kushika. Hilo ndilo linalonitesa. Si uongo mtupu. Ni uongo uliojengwa juu ya jambo lililotokea.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya ibada nilikwenda Buhehe. Barabara matope matupu. Mama alikuwa amekaa mlangoni anasuka mkeka, amekonda, shingo imebaki mishipa. Nikamwambia nimekuja kuhusu Wandera. Kwamba amefanya jambo la aibu kwenye gari la mfiwa, na kama mama yetu amkanye.

Aliendelea kusuka.

"Si Wandera," akasema. "Ni mimi."

Sikuelewa. Akarudia kwa Kisamia, lugha yetu, taratibu, kama anamwambia mtoto. Siku Athieno alipomletea sukari na sabuni. Athieno akaingia jikoni kumpikia. Mama akachukua msumari uliokuwa kwenye fremu ya dirisha, akaenda kwenye gari.

Mama alijifunza kuandika uzeeni, kwenye darasa la watu wazima kanisani. Sisi watoto tulimcheka kidogo. Alitaka aandike majina ya wajukuu wake mwenyewe. Aliandika majina yao kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko, na Okumu akakataza mtu yeyote kupaka ukuta ule chokaa.

Nilimwuliza kwa nini. Akasema, "Nilipiga magoti." Hakuna kingine.

Nimerudi bila kuaga vizuri. Nampenda mama. Leo nilimchukia. Vyote viwili vilikuwa ndani yangu njia nzima.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeharibu.

M na ile U inayofuata zilikuwa zinanasa ukucha kidogo. Dawa ya wastani ilizipunguza tu. Nikachukua kali. Nikatoa sponji nikaweka pedi ya sufi. Nilijua. Kila mwanafunzi wangu ningemfukuza kwa hilo. Nikakandamiza, na nilikuwa nawaza msumari, nawaza sukari na sabuni, na mlango ukapata moto, na nilipoinua mashine herufi zilikuwa hazipo. Na rangi haipo. Doa la kijivu, praima, ile rangi ya chini, kubwa kama kiganja cha mtu.

Nimezima umeme nikakaa chini.

Jumanne, 11 Machi

Athieno alikuja kuona kazi. Nilimwonyesha doa. Nilitegemea alie au anitukane. Aligusa tu kwa kidole.

"Umelisugua kwa hasira," akasema.

Basi nikamwambia. Sikupanga kumwambia. Kwamba si Wandera. Kwamba ni mama.

"Najua."

Nikamtazama.

"Nilimwona kwa dirisha ya jikoni. Nilikuwa nakoroga uji wake. Alikuwa analia akiandika, shemeji. Anaandika herufi moja, anapumzika, anashika kiuno. Mimi nikasema, wacha amalize. Nikamimina uji, nikampelekea, akakunywa."

Nikamwuliza kwa nini hakusema neno.

"Niseme nini? Yeye na mimi tumefiwa na mtu mmoja."

Anataka neno lifutwe ili ukoo usije ukauliza ni mkono wa nani. Si kwa ajili yake. Kwa ajili ya mama. Nashindwa kulala kwa sababu ya jambo hili, na hata sasa nikiandika sijui kama ni wema au ni kiburi. Labda yeye mwenyewe hajui.

Jumatano, 12 Machi

Amekuja na Nabwire, mtoto wake mdogo, anayesoma ng'ambo upande wa Kenya. Mtoto alizunguka gari akitafuta kitu cha kusoma, kama wafanyavyo wanaojua herufi juzi juzi. Zimebaki mbili tu.

"Ua," akasoma. "Baba mdogo, nani ameandika ua? Mbona hakuchora na picha yake?"

Kwenye kitabu chao cha shule ua lina petali nyekundu. Nikamwambia mwenye kuandika hakuwa na rangi.

Athieno aligeukia barabarani. Malori ya mpakani yalikuwa yamepanga foleni. Aliyatazama kana kwamba anayahesabu.

Ijumaa, 14 Machi

Hizo mbili haziondoki. Nimezijaribu kwa msasa wa maji ule laini kabisa, kidogo sana, nikaacha. Nikiendelea nitafika kwenye bati.

Doa nimelipaka rangi nyeusi kwa brashi ndogo. Limekauka limefifia. Halafu nikachukua kile kisafishaji cha chupa nyeupe, mwongo yule, nikakisugua juu ya mlango mzima. UA ikazama. Nikaweka nta juu yake. Kwa mtu aliyesimama hatua chache, mlango ni mzima.

Nilimwambia Athieno ukweli: hii haijapona, imefunikwa. Maji ya mvua itayavumilia kwa muda. Sabuni kali au mafuta ya taa, hapana.

"Siku moja tu," akasema. "Nahitaji siku moja tu."

Nina hofu. Sijui ya nini hasa.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika jioni, mwanga ungalipo. Niandike yote kabla sijayabadilisha kichwani.

Mvua ilinyesha mapema kisha ikaacha. Tulikaa chini ya turubai, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Mchungaji aliomba. Watu walikula. Gari la Okumu lilikuwa chini ya mti wa mvule, linang'aa, na watu wawili watatu walilisifu. Nilianza kupumua.

Kisha Wandera akasimama. Alizungumza vizuri. Siku zote huzungumza vizuri. Akasema marehemu hajatulia. Akasema alisoma neno kwenye gari la marehemu kwa macho yake mwenyewe, uani kwangu, na kwamba mimi nililifuta kwa siku nyingi na neno halitaki kufutika. "Nani alimwona mtu akiandika?" akauliza. "Hakuna. Mwenye gari, marehemu mwenyewe, ndiye aliyeandika."

Wazee wakaanza kuitikia kwa vichwa.

Akaenda kwenye taa ya chemli iliyokuwa mezani, akalowesha kitambaa kwa mafuta ya taa, akatembea mpaka kwenye gari, akasugua mlango. Nilijua kila kitakachotokea. Nta ikatoka. Kisafishaji kikatoka. Hata rangi yangu ya brashi ikatoka ikabaki kwenye kitambaa. Doa la kijivu, na mbele yake UA, nyeupe kama mfupa.

Kelele. Wanawake wengine walishika vichwa. Athieno alikaa mkekani na mikono mapajani.

Nikatazama upande wa mama. Nilisubiri. Mungu wangu ni shahidi, nilisubiri. Alikuwa anatazama chini.

Basi nikasimama mimi. Nikasema, "Marehemu hajaandika kitu. Ameandika mama. Aliniambia mwenyewe kwa mdomo wake."

Mzee wa ukoo akamgeukia. "Mama Wandera, ni kweli?"

Mama aliinua uso. Alinitazama mimi, si yeye.

"Mimi sijui kuandika," akasema.

Watu wa umri wake waliosoma naye kanisani wengi wamekwisha kufa. Waliobaki walitazama pembeni. Ukuta wa jiko wenye majina uko pale pale nyuma yetu, na hakuna aliyegeuka. Mimi pia sikuelekeza kidole. Nilishindwa. Mkono haukuinuka.

Nikasema shemeji alimwona. Mwulizeni.

Mzee akamwuliza Athieno. Kwa Kiswahili, aelewe vizuri. "Wewe mama, ulimwona huyu mzee akiandika?"

Alimtazama mama, kisha mikono yake.

"Hapana," akasema. "Mimi sikuona kitu."

Hapo nikabaki peke yangu. Mwana anayemsingizia mama yake siku ya matanga. Mjomba mmoja alinishika kola akanitoa nje ya turubai. Sikupinga.

Uamuzi ulikuwa mfupi. Aondoke kwenye nyumba. Watoto aende nao kwa sasa, wakikua watarudi kwa ukoo wa baba yao. Gari achukue, hakuna anayelitaka tena. Wandera hakutabasamu. Alionekana amechoka tu, na kwa kweli macho yake yalikuwa mekundu. Naye amefiwa. Sitaki kuandika hivyo lakini ni hivyo.

Nilimsindikiza Athieno mpaka barabara kubwa. Watoto nyuma wamelala. Nikamwuliza kwa nini. Nilimpigia kelele, kwa kweli.

Alizima injini.

"Mimi naenda kwetu," akasema. "Kwetu wananipokea. Yeye anabaki hapa. Wangemwita nini, shemeji? Mwanamke mzee aliyelaani gari ya mtoto wake. Nani angemletea maji? Ningemwacha na nini?"

"Na mimi?"

"Wewe ni mwanaume. Watasahau hiyo."

Akawasha gari. Nilirudi kwa miguu.

Jumanne, 18 Machi

Hakuna kazi. Wateja wawili waliokuwa wakija kila wiki wamepita hawakusimama. Habari imefika mjini kabla yangu.

Nimeipeleka ile boneti ya majaribio kwa muuza vyuma chakavu.

Jumamosi, 22 Machi

Nimekwenda Kisoko. Teksi mpaka Tororo, halafu boda. Athieno analima shamba la kaka yake, viganja vimechubuka. Watoto wamepata shule. Nabwire amenionyesha daftari na kunilalamikia kwamba hapa hakuna somo la Kiswahili.

Nilimwambia fundi wa rangi wa ng'ambo atakuwa na nafasi baada ya Pasaka, mlango utapakwa uwe mpya.

Alikataa. Amesema amechoka kufunika. Gari analitumia kupeleka nyanya soko la Tororo, na watu wa soko wamekwisha kuzoea. Wanamwita Mama Ua. Wao wanadhani ni jina la biashara.

Alicheka aliposema hivyo. Mimi sikuweza.

Jumapili, 30 Machi

Nimekwenda kwa mama.

Sikutaka. Miguu ilinipeleka. Wandera hakuwepo. Mama alikuwa ameketi chini na ungo, anachagua mbegu za karanga, maana mvua imekubali na majirani wamekwisha kupanda. Hakuniangalia. Hakunifukuza.

Nimekaa upande wa pili wa ungo. Nikaanza kuchagua. Zilizosinyaa huku, zilizo nzima kule. Jua lilishuka kwenye majani ya migomba, likaingia mpaka kizingitini. Kuku alikuja akaiba, akaiba tena, hakuna aliyemfukuza.

Tulikuwa karibu tumalize aliposema kitu, kwa sauti ndogo, kama anaiambia karanga.

"Watoto wanakula vizuri?"

"Wanakula."

Akaitikia kwa kichwa. Akasogeza ungo kidogo upande wangu, nifikie vizuri.